Unaweza Kumkatia Nani? Historia ya "Hapana" Ndani ya Gemu

Desemba 2019. Stima imepotea mtaa mzima, na mimi nimekaa kwa sakafu ya sebule ya kina beshte yangu huku Eastlands. Laptopu yake ina betri ya nusu saa hivi, na anataka kuitumia yote kunionyesha shamba lake. Si shamba la ukweli. Ni lile la Stardew Valley, ile gemu unarithi shamba la babu yako na unaanza maisha upya kijijini.

Ananionyesha kuku. Ananionyesha sukumawiki. Halafu anafungua mlango wa nyumba, na ndani kuna jamaa wa miwani na masharubu.

"Huyo ni nani?"

"Harvey. Daktari wa kijiji."

"Na anafanya nini kwako?"

"Tumeoana."

Alisema hivyo akiangalia skrini, hakuniangalia mimi. Nilikuwa na miaka 17. Kichwa changu kilijaa vitu vingi kwa mpigo, lakini mdomo ulitoa swali la kwanza lililopatikana: "Na anakusaidia kumwagilia hizo sukuma maji?"

Akacheka hadi akashika tumbo. "Siku zingine," akasema. Betri ikaisha. Hiyo stori hatukuigusa tena kwa miaka miwili.

Nitarudi kwa beshte yangu. Lakini tangu hiyo siku kuna swali limekuwa likinisumbua: nani aliamua kwamba kwenye hiyo gemu, mwanamume anaweza kumwoa Harvey? Na kwenye zile gemu zingine zote ambapo haiwezekani, nani aliamua haiwezekani?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Ilikuwa kozi ya kompyuta, na karo ilinishinda kabla hata hamu haijaisha. Lakini kitu kimoja nilitoka nacho pale ni sharti. Kwenye programu, kila uamuzi lazima uandikwe: kama ni hivi, fanya vile, kama sivyo, fanya kitu kingine. Kompyuta haina dini, haina mila, haina shangazi anayekuuliza utaoa lini. Ukiona mhusika wa gemu amekataa kupendwa na mtu wa jinsia yake, hiyo "hapana" haikuota yenyewe kama majani. Kuna mtu alikaa kwa kiti akaiandika, au kuna watu walikaa kwa mkutano wakaamua "ndiyo" isiandikwe.

Kwa hivyo leo nataka tufuatilie historia ya hiyo "hapana". Kaa hapo.

Twende kitambo kidogo. Mwaka 1989, mwanamke Mmarekani anayeitwa C.M. Ralph alitengeneza Caper in the Castro, gemu ya upelelezi. Castro ni mtaa wa San Francisco unaojulikana kwa wakazi wake mashoga na wasagaji. Mpelelezi wa gemu ni mwanamke anayependa wanawake, na anamtafuta rafiki yake aliyetekwa nyara. Ralph hakuiuza. Aliisambaza bure kwa njia ya simu na modemu, akawaomba watu watoe mchango kwa mashirika ya kupambana na UKIMWI, kwa sababu miaka hiyo ugonjwa ulikuwa unamaliza watu wake. Baadaye alitengeneza toleo la pili la kuuza madukani, Murder on Main Street. Gemu ni ile ile, ila watu wa Castro wametolewa ndani. Toleo lenye watu wake lilikuwa la bure, na lile la kuuzwa likawa bila wao. Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya soko.

Sasa ruka hadi 1998, mwaka Fallout 2 ilitoka. Kuna mji ndani yake unaitwa Modoc, na kuna mchinjaji ana watoto wawili wakubwa, Davin na Miria. Ukilala na mmoja wao, baba anawafumania, anachukua bunduki, na mnaozeshwa saa hiyo hiyo. Hakuulizi wewe ni mwanamume au mwanamke. Watu wengi wanaoandika historia ya gemu wanaihesabu kuwa ndoa ya kwanza ya jinsia moja kwenye gemu. Imewekwa kama kichekesho, ndiyo, na hakuna mapenzi ya maana hapo. Lakini angalia tarehe. Uholanzi, nchi ya kwanza duniani kuruhusu ndoa kama hizo, ilianza Aprili 2001. Mchinjaji wa Modoc alikuwa ametangulia dunia nzima kwa zaidi ya miaka miwili, na aliwatangulia kwa sababu ya hasira tu.

Halafu ikaja The Sims, na hapa ndipo stori inakuwa tamu.

Wakati The Sims inatengenezwa, timu ilikuwa imejadiliana kuhusu mapenzi ya jinsia moja na ikaamua kuyaacha nje. Waliogopa kelele. Lakini mprogramu mmoja mgeni kazini, Patrick J. Barrett III, alipewa kazi ya kuandika jinsi wahusika wanavyohusiana, na karatasi aliyopewa ilikuwa ya zamani, ya kabla ya huo uamuzi. Karatasi haikukataza. Barrett mwenyewe ni shoga. Akaandika kama karatasi ilivyosema.

Mwaka 1999 gemu ilipelekwa E3, yale maonyesho makubwa ya gemu kule Los Angeles. Kulikuwa na tukio la harusi la kuonyesha waandishi wa habari, na kwa sababu muda ulikuwa umebana, wahusika wengine hawakuandikiwa cha kufanya. Waliachwa wajiamulie. Basi katikati ya harusi ya watu, wanawake wawili wakapendana na kubusiana mbele ya waandishi wa habari. Hakuna aliyepanga. Watu wakaanza kuongea kuhusu The Sims, na gemu ambayo wengi hawakuitarajia ikawa ndiyo habari ya maonyesho. Ilitoka Februari 2000, na kufikia 2002 ilikuwa imekuwa gemu ya kompyuta iliyouzwa zaidi katika historia hadi wakati huo.

Yaani kelele waliyoiogopa ilikuja kweli, halafu ikawauzia gemu.

Lakini msidhani mlango ulifunguka wote. Kwenye The Sims ya kwanza wapenzi wa jinsia moja wangeweza kuhamia nyumba moja, ila ndoa hapana. The Sims 2 ya 2004 iliwapa kitu kinaitwa "muungano", ambao ulikuwa harusi kila kitu isipokuwa jina. Ndoa yenye jina la ndoa ilikuja na The Sims 3, mwaka 2009. Fikiria hapo kidogo. Keki iko, wageni wako, pete iko, wanabusiana, halafu kuna mtu ofisini amehakikisha neno lenyewe halitokei. Hilo ni sharti, na mtu alilipwa mshahara kuliandika.

Mwaka huo huo wa 2004 ilitoka Fable, ya studio ya Uingereza, ambapo unaweza kuoa au kuolewa na wanakijiji, wanaume pia. Dene Carter, mmoja wa waanzilishi wake, alieleza baadaye kwamba hawakukaa chini kupanga harakati. Akili bandia ya wanakijiji ilikuwa inampenda shujaa bila kujali jinsia, na wao hawakuona sababu ya kuanza kuandika msimbo wa kuwazuia.

Sasa umeona ninachosema? Kwenye gemu za aina hii, mapenzi yanaanza yakiwa wazi kwa kila mtu. Kazi ya ziada ni ya kuyafunga.

Najua kuna mtu tayari anataka kunirukia: "Lakini si gemu zote ni hivyo. Kuna gemu mapenzi yameandikwa mstari kwa mstari, na maigizo yamerekodiwa studio." Ni kweli. Kwa hivyo twende kwa wakuu wa hiyo biashara, BioWare ya Kanada.

BioWare ndio waliofanya tuzoee kwamba unaokoa dunia mchana na usiku unakatia wenzako kambini. Mwaka 2003, kwenye Star Wars: Knights of the Old Republic, waliweka Juhani, mhusika wa kwanza wa Star Wars anayependa jinsia yake. Alikuwa amefichwa vizuri sana, kiasi kwamba ungemaliza gemu bila kujua. Jade Empire ya 2005 ilikuwa wazi zaidi. Halafu 2007 ikaja Mass Effect, ambapo Shepard wa kike angeweza kumpenda Liara, kiumbe wa sayari nyingine mwenye umbo la mwanamke. Shepard wa kiume hakuwa na mwanamume yeyote wa kumpenda. Hata hiyo nusu ilileta balaa. Singapore ilipiga gemu marufuku Novemba 2007, kisha ikalegeza na kuiweka ya watu wazima. Mapema 2008 runinga ya Fox News ikaweka mjadala wa kuilaani, na mgeni mmoja aliyeishambulia alikuja kukiri hakuwa ameicheza.

Hizo kelele hazikupita hivi hivi. Kwenye Mass Effect 2 ya 2010 kuna mwanamke anaitwa Jack, ana tatuu mwili mzima, hasira tele, na unaweza kumpenda ukiwa mwanamume tu. Mwaka 2021 mwandishi wake, Brian Kindregan, alieleza kwamba Jack aliandikwa akiwa anapenda watu wa jinsia yoyote kwa sehemu kubwa ya kazi, halafu wakabadilisha, kwa sababu timu ilikuwa imeungua na yale mambo ya Fox News. Wasichana walioicheza na kuhisi "huyu dada mbona kama…" hawakuwa wanaota. Walikuwa wanahisi mahali palipokatwa.

Dragon Age II ya 2011 ikaenda upande wa pili kabisa: Anders, Fenris, Isabela na Merrill, wote wanne wako tayari kumpenda mchezaji awe mwanamume au mwanamke. Mchezaji mmoja alilalamika kwamba BioWare wamewasahau wanaume wa kawaida, ambao ndio wateja wakuu. David Gaider, mwandishi mkuu, akamjibu wazi kwamba gemu ni ya kila anayeicheza, na kwamba watu waliozoea kuhudumiwa peke yao ndio wanaoona kugawana kama kunyang'anywa. Nimefupisha kwa maneno yangu, lakini hiyo ndiyo pointi.

Halafu studio hiyo hiyo ikatuletea kituko. Gemu yao ya mtandaoni, Star Wars: The Old Republic, ilitoka Desemba 2011 bila mapenzi yoyote ya jinsia moja. Yalikuja 2013, ndani ya kifurushi cha nyongeza cha kulipia, na yalipatikana sayari moja tu, Makeb. Galaksi nzima, sayari kibao, halafu watu wako wametengewa moja, na nauli ni juu yako. Wachezaji waliipa jina la sayari ya mashoga, na haikuwa sifa.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Nintendo. Tomodachi Life ni gemu ya kuweka watu unaowajua, yaani sura yako, mabeshte zako, mamako, kwenye kisiwa waishi pamoja. Wanaweza kupendana na kuoana, ila mwanamume na mwanamke tu. Mashabiki wakaomba ibadilishwe kabla haijafika Marekani na Ulaya. Jibu la kwanza la Nintendo lilikuwa kwamba hawakukusudia kutoa maoni yoyote kuhusu jamii. Lakini sharti ni maoni. Ukiandika kwamba watu fulani wataoana na wengine hawataoana, tayari umeongea. Mwezi huo huo, Mei 2014, waliomba msamaha na kuahidi kwamba wakitengeneza nyingine wataanza msingi upya.

Mpaka hapo unaweza kudhani msimamo wangu ni rahisi: futeni masharti yote, kila mtu ampende kila mtu, tuende nyumbani. Nilikuwa nafikiria hivyo. Dorian ndiye aliyenibadilisha.

Dorian yuko kwenye Dragon Age: Inquisition ya Novemba 2014. Ni mchawi, anajipenda, ana maneno mengi, na anapenda wanaume tu. Ukiwa na mhusika wa kike ukamkatia, anakukataa vizuri kabisa. Sababu utaijua ukimpeleka akutane na babake. Baba alitaka mwana wa kumrithi, wa kuoa mwanamke wa ukoo mzuri na kuendeleza jina, na Dorian alipokataa kuigiza, baba akajaribu kutumia uchawi wa damu kumbadilisha awe mtu mwingine. Dorian anamwambia mambo mle ndani ambayo sitayaweka hapa, mcheze mjionee. Nilipoifikia hiyo sehemu nilisimamisha gemu nikatoka nje kuvuta hewa.

Sasa jiulize: ingekuwaje kama Dorian angempenda mtu yeyote anayebonyeza kitufe sahihi? Hiyo stori ingekufa. Kukataa kwake ndiko kunamfanya awe mtu. Gemu hiyo hiyo ina Sera, anayependa wanawake tu, na Cassandra, mwanajeshi anayependa wanaume tu, ambaye mwanamke akimkatia anaelezwa kwa heshima kwamba haitawezekana. Cyberpunk 2077 ya 2020 ilifuata njia hiyo: Judy ni wa V wa kike peke yake, Kerry ni wa V wa kiume, na Panam anamtaka mwanamume. Wanaume wengi walilia kwa sababu ya Judy, na kuna waliotengeneza njia za kuichezea gemu ili awakubali. Manze, mwanamke amesema hapana, na wewe unaenda kumfungua msimbo?

Kwa hivyo kuna hapana mbili. Kuna hapana ya mhusika, na kuna hapana ya kampuni. Dorian akisema hapana, ni kwa sababu anajijua. Jack alipowakataa wanawake, ni kwa sababu watu fulani waliogopa runinga. Kwa mchezaji zinafanana kabisa, zote ni kitufe ambacho hakitokei. Lakini moja imeandikwa ili umwone mtu, na ya pili imeandikwa ili mtu asionekane.

Na gemu zilizofungua milango yote zina kazi yake. Baldur's Gate 3, iliyochukua tuzo ya gemu ya mwaka kwenye The Game Awards 2023, inakuruhusu kuwapenda Astarion, Shadowheart, Karlach na wenzao ukiwa yeyote yule. Wengine wanalalamika kwamba hapo mhusika hana msimamo, anageuka kuwa kioo cha mchezaji. Naelewa. Lakini kioo nacho kina umuhimu wake kwa mtu ambaye hajawahi kujiona, na hapo ndipo narudi kwa beshte yangu.

Stardew Valley ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, aliyekaa zaidi ya miaka minne akifanya kila kitu mwenyewe: picha, muziki, stori, msimbo. Ilitoka 2016 na imeuza nakala zaidi ya milioni 40. Leo kijiji kina watu 12 wa kukatia, wanaume sita na wanawake sita, na utaratibu ni mmoja kwa wote. Peleka zawadi anazopenda. Mioyo ikifika minane, mpe shada la maua. Ikifika kumi, nenda ufukweni siku ya mvua ukanunue kidani kwa yule mzee, 5,000 taslimu. Mkiwa wa jinsia moja na mtake mtoto, mnaasili. Hakuna mzee wa kijiji anayeita kikao.

Sasa weka hiyo gemu kwa laptopu ya kijana wa Eastlands, Desemba 2019. Miezi saba tu nyuma, Mei, Mahakama Kuu ya Kenya ilikuwa imeamua kwamba vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vibaki, vile ambavyo adhabu yake inafika miaka 14. Siku hiyo ilikuwa kwa habari, ilikuwa kwa matatu, ilikuwa kwa meza ya chakula. Nakumbuka utani niliorusha mimi mwenyewe wiki hiyo tukiwa kikundi, na nakumbuka beshte yangu alikuwepo. Hakucheka. Sikuuliza.

Halafu mtu huyo huyo, miezi saba baadaye, akachagua kunionyesha shamba lake.

Mwaka 2021 ndipo aliniambia kwa maneno. Tulikuwa tunatembea kutoka stejini, usiku. Aliponiambia, nilimwambia nadhani nilijua tangu Harvey. Akasimama. Akaniambia siku ile ya laptopu alikuwa amejipanga wiki nzima. Alikuwa ameandaa jibu tayari: kama ningemwangalia vibaya, angesema ni gemu tu, alibonyeza makosa. Alikuwa anapima. Kama mambo yangeharibika, angefunga laptopu na maisha yaendelee, kwa sababu hakuna mtu anashtakiwa kwa kuolewa na daktari wa katuni.

"Na sukumawiki ndizo ziliniokoa?" nikamuuliza.

"Sukumawiki ndizo zilikuokoa *wewe*," akasema.

Ndiyo maana watu wakiniambia hizi ni siasa za wazungu zinaingizwa kwa gemu zetu, nawaambia siasa ziliingia siku mtu wa kwanza alipoandika lile sharti. Barone hakuandika. Kwa sababu hakuandika, kijana mmoja mtaani kwetu alipata njia ya kuniuliza swali ambalo hakuwa na mdomo wa kuniuliza, na mimi, kwa bahati tu, nikajibu kuhusu mboga.

Bado anacheza. Wiki iliyopita alinitumia picha ya skrini. Nyuma ya Harvey kuna kitanda kidogo cha mtoto.